Ile Nyama ya New Bedford: Nawajibu Wote kwa Pamoja

Haya, habari zenu. Leo hata taa sijaweka, niko jikoni tu, maana tangu niweke ile video nikichoma nyama sikukuu ya Wareno wa hapa Marekani, swali limezidi: "Wewe mtu wa Mombasa, Fort Jesus, ngome waliyotujengea Wareno, unaiona kila siku, unakaaje kuchoma nyama nao?" Na mwingine: "Huko mnakula, nyumbani hutumi."

Tuanze na nyama. Ile ilikuwa Agosti, sikukuu ya Sakramenti Takatifu hapa New Bedford, Massachusetts. Kuingia ni bure, jamani! Nyama unapimiwa mbichi kwa ratili, unaitia chumvi na kitunguu saumu mwenyewe, unaitunga kwenye mshikaki mrefu kama mpini wa jembe, mnapangana bega kwa bega motoni. Tulichanga watu wanne. Hiyo ndiyo jeuri yangu yote.

Na hao Wareno, walioanzisha sikukuu mwaka 1915 ni wahamiaji wanne wa Madeira, kisiwa cha Ureno, wakimshukuru Mungu kwa kuvuka bahari salama. Wenzao wengi hapa waliishia viwanda vya nguo. Sasa niwadai wao ngome ya 1593?

Jirani zetu wa mji wa Fall River, watu wa Azores, visiwa vingine vya Ureno, wao sikukuu yao ni ya Roho Mtakatifu: binti anavikwa taji, halafu watu wanagawiwa supu ya nyama na mkate.

Kinachoniuma mimi ni makaratasi. Volkano ya Capelinhos ililipuka kisiwani Faial, huko huko Azores, 1957. Mwaka uliofuata tu Marekani ikatunga sheria, viza 1,500 kwa wakuu wa familia zilizoathirika. Seneta John F. Kennedy alikuwa mmoja wa walioisukuma. Mimi kibali cha kazi nakisubiri miezi kumi na moja sasa! Ada nimelipa, vidole nimechukuliwa mara mbili, mwajiri kaniambia nisubiri nyumbani. Silalamiki, najua mtasema "rudi basi". Shangazi, kama unatazama, karo ya mtoto ni tarehe tano, nivumilie.

Mnaouliza kuja, sishauri mtu. Haya ni yangu, yako huenda yakawa mengine, muone wakili.

Ila siku ile ya nyama, ndimu na pilipili nilibeba mfukoni. Mzee wa kando akanitazama nikikamulia nyama yangu, akanyoosha kipande cha mkate bila neno, nami nikamkamulia na yake.