Kilatini, Kihispania na Jina la Amerika

Waheshimiwa wahadhiri, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliotenga jioni hii kwa ajili ya mazungumzo haya, nawashukuru kwa kunialika. Katika miaka niliyofundisha lugha nimeulizwa mara nyingi swali moja, nalo ndilo lililonileta mbele yenu: je, mtu akijifunza Kilatini ataweza kuzungumza na watu wa Meksiko? Jibu ni hapana, kwani huko husemwa Kihispania. Hata hivyo, jibu hilo fupi halimtendei haki muulizaji, kwa sababu kosa lake lina asili inayoeleweka, na sehemu ya asili hiyo imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Tazameni kiambishi ki-. Tukisema kwamba fulani anajua Kichina, tunakusudia lugha. Tukisema chakula cha Kichina, tunakusudia namna ya upishi. Kiambishi kimoja kinabeba lugha na mtindo kwa pamoja. Basi anayesoma gazetini habari za Amerika ya Kilatini, au anayesikia redioni kwamba sasa utapigwa muziki wa Kilatini, ana kila sababu ya kudhani kwamba huko watu huzungumza lugha iitwayo Kilatini. Sarufi yetu ndiyo iliyomwelekeza hivyo, na sisi walimu hatukumwonya.

Kilatini ni lugha ya Latium, eneo la Italia ya kati ulipo mji wa Roma, ambalo leo huitwa Lazio. Askari, mahakimu na wafanyabiashara wa Roma waliifikisha katika rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, na utawala wa Roma ulipoanguka huko katika karne ya 5, watu waliendelea kuizungumza majumbani na sokoni, kila kizazi kikiibadili kidogo bila kukusudia, mpaka usemi wao ukawa lugha nyingine. Octo, yaani nane, ikawa ocho kwa Kihispania. Noctem, usiku, ikawa noche. Lactem, maziwa, ikawa leche. Badiliko la sarufi lilikuwa kubwa zaidi, kwani katika Kilatini mwisho wa nomino ndio unaoonyesha nani ametenda na nani ametendwa, ilhali nomino za Kihispania zimepoteza miisho hiyo, na lugha hiyo hutegemea zaidi mpangilio wa maneno na vihusishi.

Tena Kihispania kilipata malezi ambayo Kilatini hakikuyapata. Majeshi ya Waislamu, Waarabu na Waberberi, yaliingia Iberia mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho huko, ilisalimu amri mwaka 1492. Katika karne hizo Kihispania kilipokea maneno mengi ya Kiarabu. Sukari kwao ni azúcar, na neno lao hasta, lenye maana ya mpaka, linatokana na neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi hata, kama tusemavyo tangu asubuhi hata jioni. Mswahili anayeanza kujifunza Kihispania anawakuta humo ndugu zake, na ndugu hao hawakupitia Roma.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni wa mwanazuoni Antonio de Nebrija. Mwaka 1481 alichapisha sarufi ya Kilatini, na mwaka 1492 akatoa sarufi ya Kihispania, akamtunuku Malkia Isabella. Mwaka huohuo akachapisha pia kamusi ya Kilatini kwa Kihispania. Hakuna atungaye kamusi ya kutafsiri lugha katika lugha ileile.

Jina la Amerika ya Kilatini lilitoka wapi, basi? Lilizaliwa katika siasa za karne ya 19. Meksiko ilikuwa imepoteza karibu nusu ya ardhi yake kwa Marekani kufikia mwaka 1848, na miaka michache baadaye kundi la wavamizi wa Kimarekani likaiteka Nikaragua. Mwaka 1856, akiwa Paris, Francisco Bilbao wa Chile alilitumia jina hilo kuyaita pamoja mataifa ambayo lugha zao za kutoka Ulaya ni watoto wa Kilatini, ili yasimame dhidi ya nguvu ya kaskazini. Wafaransa nao walilipenda wazo hilo, kwa kuwa liliwapa udugu na Meksiko wakati ambapo Napoleon III alipeleka majeshi yake huko.

Mimi sina raha na jina hilo. Linawatukuza Warumi, lakini linawanyamazisha Waguarani wa Paragwai, ambao lugha yao ni rasmi pamoja na Kihispania katika katiba ya mwaka 1992, na wasemaji wa Kikechua katika milima ya Andes, na wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani, ambao bila wao muziki huo unaoitwa wa Kilatini usingekuwapo. Aidha, linawafanya wengi wasahau kwamba Brazili, yenye watu zaidi ya milioni 200, husema Kireno.

Hata hivyo, Kilatini hakikukosekana kabisa katika bara hilo. Mwaka 1536 watawa Wafransisko walifungua chuo huko Tlatelolco, katika Jiji la Meksiko, wakawafundisha Kilatini vijana wa Kinahua, wenyeji wa Meksiko ya kati. Mwaka 1552 mganga Martín de la Cruz alieleza dawa za mitishamba za watu wake kwa Kinahuatl, lugha yao, na Juan Badiano, Mnahua mwenzake, akazitafsiri kwa Kilatini katika kitabu chenye michoro ya mimea ya rangi. Kutoka kwa mganga hadi kwa mfasiri, Kihispania hakikuhitajika. Kitabu hicho kilipelekwa Ulaya, kikaishia katika maktaba ya Vatikani, na mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II akakirudisha Meksiko. Mwanafunzi anayetaka kuyasoma maneno ya Badiano, nitamfundisha Kilatini. Atakapofika huko kumwomba mtunza maktaba amfungulie kurasa zake, atahitaji Kihispania.