Harlem: miaka 50 ya baleti, kuanzia beseni la rangi

Hamjambo ndugu zangu wa nyumbani, mlio Mombasa, Dar, Bukavu, Bujumbura na kokote mnakonitazama. Leo tupo Harlem, kaskazini mwa Manhattan, hapa New York. Jengo hili nyuma yangu, namba 466 barabara ya 152 Magharibi, ndiyo makao ya Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti lililotimiza miaka 50 mwaka 2019. Mtu akisikia kundi linasherehekea miaka 50 anawaza hotuba, magauni na picha kubwa ukutani. Hayo yapo. Lakini msimu kama ule unatengenezwa kwenye beseni la rangi na mbele ya video za zamani, na huko ndiko ninakowapeleka.

Kwanza mjue lilivyoanza. Arthur Mitchell alizaliwa hapahapa Harlem mwaka 1934. Mwaka 1955 akaingia New York City Ballet, akapanda hadi kuwa mcheza mkuu wa kwanza Mweusi katika kundi hilo. Mwaka 1957 George Balanchine, mtunzi wa baleti wa kundi hilo, akamtungia nafasi katika baleti yake Agon, acheze na Diana Adams, mwanamke Mzungu, wakiwa wameshikana mikono na miguu jukwaani. Kwa Marekani ya wakati ule hilo lilikuwa jambo zito. Aprili 1968 Martin Luther King akauawa, na Mitchell akaamua kurudi mtaani kwao kufundisha. Mwaka 1969 yeye na mwalimu wake Karel Shook wakaanzisha shule na kundi. Walianzia kwenye gereji. Milango iliachwa wazi kwa sababu ya joto, watoto wakawa wanasimama kuchungulia, kisha wanaingia. Kufika 1971 kundi lilikuwa tayari linacheza mbele ya umma katika makumbusho ya Guggenheim.

Sasa tuje kwenye miguu, maana kundi hili unalitambua kwa miguu kabla hujaona uso.

Baleti imejengwa juu ya mstari. Mcheza akinyoosha mguu, jicho la mtazamaji linatakiwa liteleze kutoka nyongani hadi ncha ya kidole bila kukatika. Taiti za waridi na viatu vya waridi vilitoka Ulaya, na kazi yake ilikuwa kukaribia rangi ya ngozi ya wacheza wa kule. Mvalishe dada mwenye ngozi nyeusi taiti zilezile, na mwili unagawanyika vipande viwili: mikono na kifua rangi moja, miguu rangi nyingine. Mstari unakatikia nyongani. Llanchie Stevenson, mmoja wa wacheza wa mwanzo, ndiye aliyemwendea Mitchell akaomba wavae rangi ya ngozi zao, na mwaka 1974 kundi zima likawa linavaa hivyo: taiti, tepe na viatu, kila mtu kwa rangi yake. Si kahawia moja ya kundi zima. Kila mtu na yake.

Uamuzi ni wa zamani, lakini kazi iliyotokana nao inafanywa mpaka leo.

Tazameni kiatu hiki kwa karibu. Hiki ndicho kiatu cha ncha, kile kinachomwezesha mcheza kusimama juu ya vidole. Watu wengi wanadhani ndani kuna chuma au mbao. Hakuna. Hili boksi gumu linalofunika vidole ni tabaka za kitambaa cha gunia, karatasi na gundi, na gundi yenyewe ni ya unga na maji, kama uji mzito. Fundi anakishona kiatu kikiwa kimegeuzwa ndani nje, anakipindua, anakunja mikunjo midogo ya satini chini ya vidole, anakigonga kwa nyundo hadi kipate umbo, kisha kinaingia kwenye joto kikauke. Chini ya wayo kuna ubamba wa kadibodi ngumu au ngozi unaobeba ukunjo wa mguu. Kiatu hakina kushoto wala kulia. Mcheza ndiye anayekizoesha mguu.

Mkishajua kwamba ni gundi ya unga mtaelewa kwa nini kinakufa haraka. Jasho linaingia, gundi inalainika, boksi linabonyea, na mguu unaanza kuzama mbele. Jozi moja, ambayo hapa ni dola 100 na zaidi, inaweza kuisha katika onyesho moja la mcheza mkuu. Ndiyo maana wanatia supa gluu kidogo ndani ya ncha na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Ukivaa ingali mbichi, inatoa joto na inaunguza ngozi.

Kwa hiyo ukitaka kukipaka kiatu hiki rangi, adui wa kwanza ni maji. Mtu asiyejua anachukua rangi ya maji, anakilowesha, kinapendeza, na kesho yake boksi limekuwa laini kabla hata halijachezewa. Njia ya wacheza ni faundesheni, vipodozi vya usoni vya rangi ya ngozi yako. Unachukua sponji yenye unyevu mdogo, unaigusisha, unapaka tabaka jembamba na kuliacha likauke, kisha la pili, na la tatu kama satini bado inang'aa chini yake. Faundesheni inafanya kazi mbili: inaleta rangi na inaua mng'ao wa satini, ambao chini ya taa kali unafanya mguu uonekane mnene. Usipake tabaka moja nene ili uwahi. Linapasuka kwenye mikunjo mara tu mguu unapopinda, na waridi inachungulia pale hasa ambapo watu wanatazama. Usisahau pia pembeni mwa wayo na kwenye lastiki ya kisigino, maana mguu ukiinuliwa nyuma sehemu hizo ndizo zinazoelekea ukumbini.

Taiti ni habari nyingine. Zile za nailoni zinakubali rangi kwenye maji ya moto yenye siki; rangi inaingia kwenye uzi wenyewe, haikai juu juu. Za poliesta hazikubali rangi za kawaida, utapoteza pesa na muda. Na hata kwa nailoni, kahawia ni rangi ngumu, kwa sababu ni mchanganyiko, na mara nyingi nyekundu iliyomo inashika kabla ya zile nyingine. Ukitoa taiti mapema unapata zambarau chafu. Ukichemsha kwa nguvu ili kuharakisha, unaua mvutano wa kitambaa, na zinaanza kulegea magotini. Maji yawe ya moto bila kutokota, koroga muda wote, na kwanza jaribu kipande kidogo, ukikaushe, ndipo uamue. Rangi iliyolowa siku zote inaonekana nzito kuliko ilivyo.

Tepe nazo zinakatwa sentimita 50 hadi 60 kila moja, nne kwa jozi, ncha zinachomwa kidogo zisifumuke. Kosa linaloonekana sana kwa wanafunzi ni kushona utepe ukakamata kamba ya kukazia inayopita kwenye ukingo wa kiatu. Kamba ikishashonewa haivuti tena, na kiatu kinapwaya mguu ukiwa hewani. Fundo likae upande wa ndani, kwenye kibonde kati ya jicho la mguu na mshipa wa kisigino. Likikaa juu ya mshipa wenyewe, baada ya mazoezi ya saa nzima mtu anachechemea.

Baada ya yote hayo, rangi ipimwe chini ya taa za jukwaa. Rangi iliyofanana na ngozi dirishani inaweza kuwa ya kijivu kabisa chini ya taa ya bluu. Hapa idara ya mavazi na fundi wa taa lazima waongee, na wasipoongea lawama inamwangukia mcheza.

Viwanda vimechelewa sana. Freed ya London ilileta viatu vya kahawia mwaka 2018, ikishirikiana na Ballet Black, kundi ambalo Cassa Pancho alilianzisha London mwaka 2001. Ingrid Silva, Mbrazili anayejulikana kwa kazi yake katika kundi hili la Harlem, alipaka viatu vyake kwa mkono miaka 11, hadi 2019 alipopata vilivyotengenezwa kwa rangi yake. Nawaambia haya hasa ninyi walimu wa Nairobi mnaofundisha watoto baleti, mpaka Kibera. Msimsubirishe mtoto wenu kiwanda. Faundesheni na sponji vinatosha kuanzia.

Haya, tuache viatu.

Hii miaka 50 ina shimo katikati. Mwaka 2004 kundi lilisimama kwa sababu ya madeni, na wacheza wakatawanyika. Shule ikaendelea. Kundi lilirudi mwaka 2012, likiwa na wacheza 18 tu, chini ya Virginia Johnson, aliyekuwa miongoni mwa wacheza wa mwanzo na ndiye aliyecheza nafasi kuu mwaka 1984 walipoihamisha hadithi ya Giselle, baleti ya zamani, kutoka Ulaya hadi Louisiana, kwenye familia za Weusi huru wa miaka ya 1840.

Miaka minane kwa baleti ni mingi kupita inavyosikika. Dansi haikai kwenye karatasi kama muziki unavyokaa. Ipo mifumo ya kuiandika, na makundi mengine yanaitumia sana, lakini kwa sehemu kubwa hatua zinapita kutoka mwili hadi mwili: aliyecheza jana anasimama studioni na kumwonyesha wa leo. Mcheza anadumu jukwaani miaka 15 hivi, akiwa na bahati 20. Kata minane katikati, na wale waliotakiwa kuonyesha wameshastaafu, wamehamia miji mingine, na magoti yao hayakubali tena.

Ndiyo maana kwangu mimi kazi kubwa ya msimu wa 2019 ilikuwa Tones II. Ni kazi ya Mitchell kutoka miaka ya mwanzo ya kundi, na mwaka 2018 alirudi studioni mwenyewe kuifufua. Alifariki Septemba 19 mwaka huohuo. Ikapanda jukwaani Aprili 2019 pale New York City Center, bila yeye.

Kufufua kazi ya zamani kunaanza na video, na video ina mitego. Kamera inamtazama mcheza usoni, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Lazima picha igeuzwe, la sivyo kundi zima linajifunza dansi kinyume. Kamera ikimfuata mmoja, hujui wale wengine walikuwa wapi, na kazi ya watu wengi ni ramani ya nani yuko wapi kwenye hesabu ya ngapi. Kisha kuna makosa ya usiku ule: mcheza aliteleza, akaruka hatua, akajaza kwa hatua yake, na miaka 40 baadaye kosa linafundishwa kama sheria. Pia mkanda wa zamani unaweza kukimbia kasi kuliko muziki ulivyopigwa. Kwa yote haya hakuna dawa ila kumpata mtu aliyekuwepo. Anakwambia hapa tulihesabu sita, siyo nane. Anakwambia mkono huu haukuwa pambo, ulikuwa unamzuia mwenzio asianguke.

Kingine kinachoharibika ni mwendo wa muziki. Mazoezi yanafanywa kwa piano au kwa rekodi, wacheza wanazoea. Okestra ikija siku za mwisho na kupiga polepole kidogo tu, mwanaume anayeruka anatakiwa akae hewani muda ambao mwili hauna. Ikipiga haraka, mizunguko inakatwa. Kiongozi wa okestra mzuri anatazama miguu kuliko karatasi.

Mkitafuta video za kundi hili, tazameni kwanza bila sauti, mfuate miguu kutoka nyongani hadi ncha. Halafu rudieni na muziki. Na wenye maswali ya kupaka rangi, niandikieni hapo chini, lakini tajeni kitambaa: ni nailoni, poliesta au pamba. Bila hilo siwezi kukujibu, maana kila kimoja kina rangi yake na maji yake.