Panya ni Yuleyule: Homa ya Lassa na Wodi ya Kenema

(Mhadhara kwa wanafunzi wa afya ya jamii, Morogoro. Maneno yameachwa yalivyosemwa. Marudio tu ndiyo yamepunguzwa.)

Habari za mchana. Najua wengi mmetoka kula sasa hivi, kwa hiyo atakayesinzia nitamsamehe, mradi asikorome.

Nianze na mnyama mnayemjua. Panya shamba, mwenye chuchu nyingi kuliko panya wengine, hadi 24. Mkulima wa mahindi wa hapa Morogoro hahitaji mhadhara juu yake. Mwaka ambao panya wamefumuka, mbegu hufukuliwa kabla hazijaota. Kitaalamu anaitwa Mastomys natalensis, na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamemfuatilia kwa miongo kadhaa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba panya wa hapa wana virusi vyao, vikaitwa virusi vya Morogoro. Baadaye vikapatikana vingine Gairo. Hajulikani mtu hata mmoja aliyeugua kwa virusi hivi. Lakini nenda Sierra Leone, Guinea, Liberia au Nigeria: panya ni yuleyule, virusi alivyobeba ni ndugu wa hivi vyetu, na vinaua watu. Ni virusi vya Lassa.

Lassa ni mji mdogo wa jimbo la Borno, kaskazini mashariki mwa Nigeria. Januari 1969 muuguzi mmisionari wa hospitali ya pale, Laura Wine, aliugua, akasafirishwa hadi mji wa Jos, akafariki. Muuguzi aliyemhudumia Jos, Charlotte Shaw, akaugua, naye akafa. Wa tatu, Lily Pinneo, akapelekwa New York, akapona. Sampuli zikafika Chuo Kikuu cha Yale, ambako mtafiti Jordi Casals aliambukizwa akiwa kazini, akaokolewa kwa plasma, yaani majimaji ya damu, ya Pinneo. Fundi wa maabara wa hapohapo Yale, Juan Roman, hakupona. Yale wakaachana na virusi hivyo.

Historia ya ugonjwa huu husimuliwa hivyo siku zote, kwa majina ya wageni. Wenyeji wa Borno waliokufa kwa homa hiyo kabla ya 1969 hakuna aliyewaandika. Hilo mliweke akilini.

Sasa ugonjwa wenyewe. Panya huingia ndani ya nyumba, hasa kiangazi, wakati shambani hakuna cha kula na ndani kuna mavuno. Anakojoa juu ya chakula, juu ya vyombo, sakafuni. Mtu anashika, anakula, au anavuta vumbi anapofagia. Siku 2 hadi 21 baadaye inaanza homa, uchovu, kichwa, koo linauma. Niambieni, mgonjwa wa namna hiyo akifika zahanati ya kijiji chochote barani Afrika anapewa nini? Dawa ya malaria. Homa isiposhuka, anapewa ya taifodi. Na si kosa la muuguzi, maana watu 8 kati ya 10 walioambukizwa Lassa huugua kidogo tu au hawaugui kabisa, na hao wawili waliobaki mwanzoni wanafanana na wagonjwa wengine wote waliopo kwenye benchi. Hiyo damu ya puani na kwenye fizi mnayoisoma vitabuni wengi hawaipati. Kati ya wanaolazwa hali zikiwa mbaya, karibu 15 katika 100 hufa. Mama mwenye mimba kubwa ndiye aliye hatarini zaidi: katika miezi mitatu ya mwisho, zaidi ya wajawazito 80 kati ya 100 hupoteza maisha, au mtoto, au vyote viwili. Halafu kuna uziwi. Karibu theluthi ya waliougua wanapungukiwa usikivu, na baadhi yao hawaupati tena. Mtu anapona homa, anatoka wodini, hasikii.

Mwaka 1972, katika mlipuko wa Sierra Leone, ndipo panya alipobainika kuwa ndiye mbebaji. Muda si mrefu Wamarekani wa CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, wakaweka kituo mashariki mwa nchi, Segbwema. Hapo ndipo Joseph McCormick na wenzake walipofanya utafiti wa dawa ya ribavirini, uliochapishwa 1986. Wagonjwa walioonyesha dalili za hatari kwenye damu na wakapewa dawa kwenye mshipa ndani ya siku 6 za mwanzo walikufa asilimia 5. Walioanza baadaye, asilimia 26. Wasiopewa, asilimia 55. Ukiziangalia tarakimu hizi unaona zinasema mambo mawili: dawa, na kuwahi. Dunia ilisikia la dawa. Siku hizi wapo watafiti wanaoirudia data ile na kuhoji kama dawa yenyewe ilisaidia kiasi kile, kwa sababu wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama tunavyotaka leo. La kuwahi hakuna aliyelipinga.

Halafu vita vikaja. Kuanzia 1991, mashariki mwa Sierra Leone, kwenye almasi, hapakukalika. Wageni wakaondoka. Kazi ya Lassa ikahamia Hospitali ya Serikali ya Kenema, na aliyebaki nayo ni Dkt. Aniru Conteh. Huyu bwana ningependa mumjue kuliko wote niliowataja. Miaka yote ya vita aliendesha wodi ya Lassa, umeme ukiwapo au usipokuwapo, huku akiwafundisha wauguzi kuvaa glavu, gauni na barakoa kwa mpangilio uleule kila siku, hata pale hizo glavu zilipokuwa za kuhesabu. Shirika la Uingereza la Merlin lilimsaidia. Vita vikaisha 2002, Conteh bado yupo. Mwaka 2004 alikuwa akitoa damu ya mgonjwa, sindano ikamchoma. Haikupita wiki tatu; tarehe 4 Aprili alifariki katika wodi yake mwenyewe.

Aliyekuja kushika nafasi hiyo ni kijana, Dkt. Sheik Humarr Khan. Fikirieni kuomba kazi ambayo aliyekutangulia imemuua. Pamoja na muuguzi mkuu wa wodi, Mbalu Fonnie, na mtaalamu wa maabara Augustine Goba, na kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tulane cha Marekani, Kenema ikapata maabara yake. Damu haikuhitaji tena kupanda ndege.

Hapo sasa ndipo penye hoja yangu. Ebola ya Afrika Magharibi ilianza Desemba 2013 katika kijiji cha Méliandou, Guinea. Ikatambuliwa Machi 2014, baada ya sampuli kupelekwa Ulaya. Miezi mitatu! Watu wanazika, wanasafiri, wanaoana, na hakuna ajuaye jina la kinachowaua. Upande wa pili wa mpaka, tarehe 25 Mei 2014, Goba alipima damu ya mwanamke aliyeletwa Kenema mimba yake ikiwa imeharibika. Akakuta Ebola. Hapohapo, wilayani, kwa kipimo kilichoandaliwa kwa sababu watu wa wodi ya Lassa walikuwa wakifuatilia habari za Guinea na kujua kwamba mpaka ule hauzuii mtu. Mwanamke huyo alipona.

Waliomhudumia yeye na wagonjwa waliomfuata ndio waliokufa. Wodi iliyojengwa kwa wagonjwa wachache wa Lassa ilijaa, ikafurika. Fonnie alikufa Julai. Khan alikufa tarehe 29 Julai 2014. Agosti jarida la Science likachapisha jenomu 99, yaani ramani kamili za vinasaba, za virusi kutoka kwa wagonjwa 78 wa Sierra Leone, kazi iliyoionyesha dunia jinsi mlipuko ulivyokuwa ukienea. Kati ya waandishi wa makala ile, watano walikuwa wameshakufa kwa Ebola kabla haijatoka. Mkiipata, msiruke orodha ya majina.

Mlipuko ule uliishia kwenye wagonjwa zaidi ya 28,600 na vifo zaidi ya 11,300. Mahema yalikuja, helikopta zilikuja, fedha zilikuja nyingi mno. Sisemi havikupaswa kuja. Nasema kwamba ugonjwa uligunduliwa Sierra Leone na watu waliokuwa wakilipwa mishahara ya kawaida, wakifanya kazi ya kila siku ya ugonjwa mwingine kabisa. Mfadhili anapenda dharura kwa sababu dharura ina tarehe ya kufungwa. Wodi haina. Wodi inataka dizeli ya jenereta mwezi huu na mwezi ujao, inataka vitendanishi kabla havijaisha muda, inataka muuguzi asiyehamishwa pale tu anapoanza kuizoea kazi. Ni gharama za kuchosha, hazipigwi picha.

Nigeria wamelielewa hilo kiasi. Hospitali ya Irrua, jimbo la Edo, imekaa na Lassa miaka mingi, ina wodi yake na maabara yake, na kila kiangazi inapokea wagonjwa. Mlipuko mkubwa wa 2018 haukuwakuta wakiuliza huu ni ugonjwa gani.

Niguse panya, maana swali lake nalijua: kwa nini tusiwaue? Wamejaribu vijijini Guinea, kwa sumu, na panya hupungua kweli. Ukiacha, wanarudi. Utafiti uliotumia pia takwimu za panya wa hapa kwetu Morogoro, ambao virusi vyao vinachunguzika bila hatari kubwa, umeonyesha kwamba kuua mara moja kwa mwaka hakutoshi. Panya waliokufa nafasi zao zinachukuliwa na watoto wa panya, na hao ndio rahisi kuambukizwa. Kwa hiyo tunarudi kwenye vyombo vyenye mifuniko, kuziba matundu ya ukuta, kutoanika muhogo uliokunwa, ambao wenyewe huuita gari, kando ya barabara. Wataalamu wa mjini wanapenda sana kuwakaripia wanavijiji: usile panya, usilale na gunia la mchele chumbani. Gunia likilala nje litaibiwa. Mletee mtu kihenge kisichopenyeka kwanza, ndipo umkaripie.

Na chanjo? Bado hakuna iliyoidhinishwa, ila mwaka 2024 chanjo ya taasisi ya IAVI iliingia majaribio ya awamu ya pili, yakianzia Abuja. Kabla ya hapo ulifanyika uchunguzi mkubwa katika nchi tano, Benin, Guinea, Liberia, Nigeria na Sierra Leone, ukifuatilia watu wapatao 23,000 majumbani mwao kujua wanaoambukizwa ni wangapi hasa, kwa sababu makadirio tuliyokuwa tukinukuu mengi yametokana na kazi ya Sierra Leone ya miaka ya 1980. Ila wajawazito, ambao Lassa inawaua kuliko wote, kwa kawaida hawaingizwi katika majaribio ya mwanzo ya chanjo. Sababu za kuwaacha nazijua na nyingine ni nzito. Sikubaliani nazo zote, na ningependa tuanzie hapo kwenye maswali. Dada pale nyuma, karibu.