Nywele Hushika Zikipoa

Assalaam alaykum. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliokaa mkekani kwa kuwa viti vimekwisha, ahsanteni kwa kunivusha bahari hadi hapa Chake Chake. Nimetakiwa nizungumzie kuseti nywele ndefu kwa rola na mvuke bila ya kuziharibu. Mikono yangu haijazoea kukaa bure, kwa hiyo nimemkalisha mbele yenu mwali huyu, kwa ruhusa ya mama yake, na nywele zake mnaziona, zimefika kiunoni. Birika lishaanza kutokota. Tuanze na kazi, maneno yatafuata.

Hii ni rola ya sponji. Naishika juu ya mdomo wa birika, penye mvuke, nahesabu moja mpaka tano. Naikung'uta mara mbili. Sasa naigusisha hapa ndani ya mkono wangu, penye mishipa. Ikiwa mimi siwezi kuivumilia, utosi wa mtoto wa watu hautaivumilia. Rola inatakiwa iwe ya moto na yenye unyevu, lakini isidondoshe maji. Ikidondosha, ishakuwa tambara.

Nywele zake zimeshaoshwa na zimekauka kabisa. Nachukua fungu moja kwa kitana cha mkia, upana wake usizidi upana wa rola. Nachana kuanzia nchani, napanda taratibu mpaka kwenye shina. Naziinua zisimame wima, ncha nazifunika kwa kikaratasi laini zisivunjike, kisha naviringisha mpaka kichwani. Sivuti. Nikitia kidole baina ya rola na ngozi ya kichwa kinapita. Nabana. Hiyo ni ya kulia. Nafanya na ya kushoto vilevile.

Sasa ya kushoto naifungua hapo hapo, ingali moto. Mnaona? Imetoka nzuri, duara kamili. Itazameni tena baada ya dakika chache. Ya kulia tunaiacha.

Watu wengi wanadhani joto ndilo linalotia mawimbi. Hapana. Joto na unyevu kazi yake ni kulegeza. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa vifungo vya namna mbili vinavyotuhusu sisi wasusi. Vipo vifungo vya hidrojeni, hivi ni dhaifu lakini ni vingi mno. Maji yakiingia vinaachia, unywele ukikauka na kupoa vinashikana upya, kwa umbo lolote utakaloukuta nalo wakati huo. Ukiwa umezungushwa kwenye rola, unashika mzunguko. Ukiwa umelala chini ya mto, unashika ule mpindo wa ajabu tunaoamka nao asubuhi. Vifungo vya pili ni vya salfa. Hivyo havijali maji wala mvuke, vinataka dawa kali, na ndivyo vinavyovunjwa na dawa ya kulainisha nywele. Mimi na rola zangu hatuvigusi, na ndiyo maana mawimbi ya mvuke huondoka ukiosha kichwa na nywele zikarudi kama Mungu alivyoziumba. Hiyo kwangu ni neema.

Nyinyi Wapemba mnaijua karafuu kuliko mimi. Karafuu iliyoanikwa nusu siku ikatiwa guniani ina hali gani? Nywele ni hivyo hivyo. Ukizitoa kwenye rola zingali na joto au unyevu, vile vifungo havijawahi kushikana. Zitaporomoka.

Na hapa ndipo uharibifu unapoingia, kwa haraka ya kuziba kosa. Nililifanya mwenyewe nilipokuwa bado mchanga katika kazi hii. Ilikuwa masika, mvua haikatiki, nampamba biharusi nyumbani kwao. Gari iko nje inapiga honi, mashangazi wanagonga mlango. Nikazitoa rola mapema. Tulipofika ukumbini nywele zote zimelala kama hazikuguswa. Nikachukua chuma cha moto cha kukunjia, nikakibana kwenye nywele ambazo bado zilikuwa na unyevu. Nikasikia chaaa, kama kitunguu kinachotiwa kwenye mafuta. Nikasikia na harufu. Yule binti hakulalamika, alidhani ndivyo inavyokuwa. Wiki tatu baadaye mama yake akaniletea vishungi vya nywele vilivyokatika, amevifunga katika karatasi. Hakunigombeza. Alinionyesha tu. Mpaka leo nikisikia ule mlio katika saluni yoyote moyo wangu unashtuka.

Mlio ule ni maji yaliyomo ndani ya unywele yanachemka ghafla. Yakichemka yanataka nafasi, yanatoboa vipovu ndani ya unywele wenyewe, na penye kipovu ndipo utakapokatikia. Chuma cha kukunjia na pasi za nywele hupanda hadi nyuzi 180, nyingine 200 na zaidi. Mvuke wa birika hapa kwetu pwani hauvuki nyuzi 100, na ukishaingia kwenye sponji unashuka. Kwa hiyo mvuke ni mpole kwa nywele. Lakini kwa ngozi si mpole hata kidogo! Mvuke unapogeuka maji juu ya ngozi unaliachia joto lake lote pale pale, unaunguza vibaya. Mkono juu ya birika uwe pembeni, na mtoto asikaribie.

Mwaka 1906 mjini London, Mjerumani mmoja, Karl Nessler, alionyesha watu njia yake ya kutia mawimbi ya kudumu kwa dawa na vyuma vya moto. Majaribio yake ya mwanzo aliyafanya kwa mkewe, Katharina, akamuunguza nywele na kichwa. Kila nikimfikiria mwanamke yule namwonea huruma. Sisi hatuna haja ya kupita njia hiyo.

Nywele ndefu zina jambo lake jingine, umri. Unywele hukua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, tuseme 15 kwa mwaka. Nywele za mwali huyu zina kama sentimita 75. Maana yake ncha hizi ninazozishika zilitoka kichwani miaka mitano iliyopita, wakati yeye yuko skuli ya msingi. Zimepigwa jua miaka mitano, zimechanwa, zimefungwa chini ya ushungi. Magamba yake ya juu, maana unywele una magamba kama ya samaki, yameshachakaa. Shina lina miezi miwili, ncha ina miaka mitano, na wewe unavipa joto moja? Ndiyo maana naanza kuviringisha nchani kwa kikaratasi, na ncha zilizopasuka nazikata kabla. Mama zetu wanapenda urefu, najua, na kukata kunawauma. Lakini ncha iliyopasuka ukiiviringisha inaendelea kupasuka kwenda juu.

Nywele mbichi zina hatari yake. Zimevimba, zinanyumbuka, na ukizivuta huku zimenyumbuka hazirudi. Wanaoviringisha rola za plastiki juu ya nywele mbichi, kisha wakamkalisha mtu chini ya draya, hawana kosa, ni njia njema, hasa kwa nywele za kipilipili tunazotaka zinyooke kidogo kwa rola kubwa. Lakini wasikaze. Nywele ndefu na nzito chini ya draya zinaweza kutaka saa nzima mpaka zikauke ndani, nayo draya iwe ya joto la kati. Na jambo ambalo limeenea visiwani kwetu: msichana anaoga, anazifunga nywele mbichi kishungi cha nguvu, juu anatia ushungi, anakwenda skuli au kazini mpaka jioni. Kila siku. Akija kwangu nywele za pembeni za uso zimekimbia. Zikaushe kwanza, mwanangu, hata kama utachelewa kidogo.

Nywele zilizotiwa dawa siku za karibuni siziseti. Nasubiri wiki mbili, tena nampa mteja sababu. Wapo wanaonuna, wakaenda kwingine.

Kuhusu mafuta ya nazi, ambayo hakuna nyumba Pemba isiyokuwa nayo. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kuyalinganisha na mafuta ya alizeti na yale ya madini, wakaona ni ya nazi yaliyopunguza upotevu wa protini katika nywele, kwa sababu yanapenya ndani. Bibi zetu walikuwa hawakosei. Yapakeni usiku wa kabla ya kuosha. Siku ya rola msiyapake, nywele zenye mafuta ni nzito, haziwezi kubeba wimbi.

Niliulizwa mlangoni na dada mmoja, umeme ukikatika itakuwaje? Mtakumbuka Unguja ilivyokaa kizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Miezi mitatu. Draya haina maana, na harusi hazikungoja. Nikawasha jiko la makaa, nikabandika sufuria, juu nikaweka chujio la bati, rola za sponji nikazipanga ndani na kufunika. Kama anayepika, hasa. Nilikuwa nazitoa moja moja kwa koleo, nazikung'uta, naviringisha, kisha namfunika mteja kofia ya plastiki kwa dakika kumi joto lisikimbie, naiondoa, namwacha akae apoe huku tunazungumza. Nilikuwa naona kwa mara ya kwanza mawimbi yakidumu mpaka siku ya pili. Si kwa sababu ya makaa. Ni kwa kuwa hapakuwa na la kunikimbiza.

Tazameni la kushoto sasa. Lishafunguka nusu, na hatujamaliza hata mazungumzo. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu wa hewa unafanya kazi ile ile ya maji, unalegeza. Kwa hiyo wakati wa masika namtoa biharusi nyumbani na vipini vyake kichwani, juu yake mtandio wa hariri au satini, na vipini vinatolewa ukumbini, mlango ukishafungwa.

La kulia nalishika. Rola ni baridi. Naigusisha shavuni mwangu, na bado ni baridi. Sasa nafungua klipu, siivuti rola, naizungusha kurudi ilikotoka mpaka ncha iachie yenyewe. Hilo. Sipitishi kitana, napitisha vidole viwili tu kutoka chini. Linarudi juu lenyewe.

Njooni mmoja mmoja mlishike, mama yake mwali awe wa kwanza. Aliyekula halua afute mikono. Na birika bado lina maji, nataka wawili kati yenu waje waviringishe hizi zilizobaki nyuma, mimi nitasimama pembeni.