Bailifu Hajui Kama Umekata Rufaa

AMINA: Kaka Wasswa, wapangaji wengi Kampala hukosea hapahapa. Ameshindwa kesi ya kuondolewa kwenye nyumba, amekata rufaa ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa, anarudi zake Kireka kulala.

WASSWA: Na alfajiri bailifu, yule mtekelezaji wa hukumu za mahakama, anapiga hodi! Amri ya 43, kanuni ya 4 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai imeshasema: rufaa yenyewe haisimamishi utekelezaji wa hukumu. Lazima upeleke ombi la kusimamisha, na unaanzia mahakama ileile iliyotoa hukumu. Kama ni Makindye, basi Makindye.

AMINA: Hati ya kiapo ya ombi hilo ibebe nini?

WASSWA: Hasara kubwa utakayopata, kwamba hukuchelewa, na dhamana. Kwenye hasara watu huandika "nitateseka sana." Banange, hakimu atashika nini hapo? Andika watoto ni wangapi na shule yao iko wapi, ambatisha karatasi za kliniki kama kuna mgonjwa. Dhamana ndiyo huwaangusha wengi. Unadaiwa kodi ya miezi 4, shilingi 400,000 kwa mwezi, hiyo ni 1,600,000: jitolee kuiweka mahakamani na uendelee kulipa kila mwezi wakati rufaa inasubiri. Mpangaji anayeomba kukaa bure haonewi huruma, na mimi simlaumu hakimu.

AMINA: Na tarehe ya kusikilizwa ikiwa mbali, waranti, ile hati ya mahakama ya kukutoa, iko tayari mkononi mwa bailifu?

WASSWA: Siku hiyohiyo omba na amri ya muda, ya kuzuia utekelezaji hadi ombi lako lisikilizwe. Ambatisha nakala ya waranti, maana bila hiyo tishio ni maneno matupu. Ukiipata amri, mfikishie bailifu, mwenye nyumba, mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) na kituo cha polisi, kila mmoja asaini na kuandika saa. Amri iliyobaki mfukoni haimzuii mtu.

AMINA: Kuna anayeapa hakujua hata kama kuna kesi.

WASSWA: Huyo mlango wake ni mwingine. Mwenye nyumba anaweza kushtaki kwa njia ya mkato, Amri ya 36, kama muda wa upangaji umeisha au notisi imepita. Mpangaji ana siku 10 tangu apokee samansi, yaani wito wa mahakama, kuomba ruhusa ya kujitetea. Zikipita, hukumu inatoka bila yeye. Aombe itenguliwe kwa kanuni ya 11 ya Amri hiyohiyo, lakini kwanza aende masijala afungue faili, asome kiapo cha aliyepeleka samansi. Alimkabidhi nani? Nyumba ipi, nani alimwonyesha? Kwenye safu ya vyumba kumi vinavyofanana, makosa ya mlango hayakosekani.

AMINA: Na aliyekuta kufuli mlangoni, mabati yameshang'olewa, hakuna kesi yoyote?

WASSWA: Huyo asiombe kusimamisha utekelezaji, kwa sababu hakuna kinachotekelezwa. Afungue kesi na kuomba zuio la muda, Amri ya 41. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 hairuhusu kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama.

AMINA: Aliyechelewa kabisa?

WASSWA: Bailifu akishakabidhi funguo na kurudisha waranti mahakamani, hakuna tena cha kusimamisha. Utasubiri ushinde rufaa ndipo udai kurudishiwa nyumba, na mara nyingi utamkuta mpangaji mwingine keshatundika mapazia.