Ufa katika Mlingoti wa Alumini: Mhadhara kwa Mafundi Wanaoanza

Walimu wa karakana, mafundi wenzangu, na ninyi mnaoanza kazi ya metali,

Mlingoti wa jahazi ni mti, lakini mashua nyingi za kisasa za matanga, za mashindano na za safari ndefu, husimamisha bomba la alumini. Bomba hilo likipata ufa, wazo la kwanza linalomjia fundi mchanga ni kulichomelea. Nawasihi msianze na moto.

Sababu imo ndani ya metali yenyewe. Alumini tupu ni laini mno kuhimili tanga lililojaa upepo. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alibaini kwamba alumini iliyochanganywa na shaba na magnesi kidogo, ikipashwa joto kali kisha ikapozwa ghafla, huzidi kuwa ngumu yenyewe kwa siku kadhaa. Milingoti hutengenezwa kwa michanganyiko ya magnesi na silikoni, kama vile 6061 na 6082, ambayo hupata nguvu kwa njia ya namna hiyo: 6061 hupashwa hadi takriban nyuzi 530 za selsiasi, hupozwa haraka, kisha huwekwa kwa saa nyingi katika tanuri lenye joto la chini zaidi. Ukichomelea, unaivuruga kazi hiyo yote, na nguvu ya sehemu iliyo kando ya mshono huweza kushuka kwa karibu nusu. Mshono utapendeza macho, na mlingoti utavunjika pembeni yake. Tena alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kifanyavyo, hivyo anayejifunza hulitoboa bomba kabla hajatambua kwamba limefikia kuyeyuka.

Kwa hiyo ninawafundisha ukarabati wa baridi, yaani wa kipande cha ndani na ribiti, vile vipini vya metali vinavyopitishwa kwenye matundu na kuvibana vipande viwili pamoja.

Kwanza tafuta chanzo. Ufa haujianzishi mahali popote tu. Mara nyingi huanzia kwenye tundu lenye pembe kali, au pale skrubu ya stenlesi ilipokaa ndani ya alumini katika maji ya chumvi, alumini ikaliwa na kuacha unga mweupe. Usipoondoa chanzo, ufa mwingine utakuja jirani na kazi yako. Ulaze mlingoti, uondoe rangi, kisha upake rangi nyekundu inayopenya nyufa. Uifute, unyunyize unga mweupe, na wekundu utakaojitokeza utakuonyesha ufa unapoishia kweli, ambapo huwa ni mbali kuliko jicho linavyoona. Hapo, mbele kidogo ya ncha, toboa kwa keekee tundu la milimita 5 na ulisawazishe kingo zake, maana nguvu inayochana metali hukusanyika kwenye ncha kali na hutawanyika kwenye duara.

Kipande cha ndani kiwe cha alumini ya aina ileile, kilale sawasawa na ukuta wa bomba, na kipite ufa pande zote mbili kwa urefu usiopungua mara mbili ya upana wa mlingoti. Ncha zake nazikata kwa mshazari, kwa sababu kipande kinachokoma ghafla huhamishia tatizo pale kinapokomea. Ribiti zipangwe kwa kupishana, kwa kuwa matundu yakijipanga katika mzunguko mmoja huwa kama mstari wa kukatia. Ribiti za moneli, mchanganyiko wa nikeli na shaba, zina nguvu kuliko za alumini, ila zipakwe dawa nzito ya kutenganisha metali kabla ya kuingizwa.

Ufa uliozunguka sehemu kubwa ya bomba si kazi ya anayeanza; mpelekee fundi wa milingoti.

Ukiusimamisha tena, kaza waya za pembeni kidogo kidogo kwa zamu, kisha baada ya safari ya kwanza yenye upepo kagua kila ribiti. Iliyolegea huzungukwa na doa jeusi la metali iliyosagika. Ing'oe, panua tundu kidogo, utie iliyo nene zaidi.