Kiyoyozi Kinachojizima Chenyewe: Mazungumzo Kutoka Pasiansi

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Mwanza na kwingineko. Leo mimi na kaka Kulwa, fundi aliyenisaidia nyumbani kwangu, tunazungumzia kiyoyozi kinachozima bila mtu kukigusa. Nyumbani kwangu Pasiansi jambo hili lilitusumbua kwa miezi miwili: mama yangu mzee akijipumzisha mchana, ikifika saa nane hivi ubaridi unakatika, na baada ya nusu saa au zaidi unarudi wenyewe. Nilikuwa nimeshalipia gesi mara mbili, na tatizo lilibaki palepale.

KULWA: Pole sana, dada. Kabla fundi hajashika bisibisi, anapaswa kukuuliza kwamba kinapozima, hasa ni kipi kinachozima. Kama feni ya ndani inaendelea kupuliza lakini hewa imekuwa ya vuguvugu, basi iliyosimama ni kompresa, yaani pampu inayogandamiza gesi, ile iliyo kwenye mashine ya nje. Kama mashine nzima imekuwa kimya na breka, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, imeshuka, hilo ni suala la umeme. Na kama taa ya mashine ya ndani inamweka, mashine imeshatambua hitilafu na inaitaja kwa idadi ya mimweko au kwa namba kwenye kioo chake. Maana yake utaisoma katika kitabu cha mwongozo, kwa sababu kila kiwanda kina namba zake.

NEEMA: Kwangu feni ilikuwa inapuliza, na hakuna taa iliyomweka.

KULWA: Ndiyo maana sikuanza na gesi. Ndani ya kompresa, au juu ya kifuniko chake, kuna kifaa cha ulinzi kinachokata umeme joto likizidi, na hakiruhusu kompresa iwake tena mpaka ipoe, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au hata zaidi. Kompresa ya namna hiyo inajiokoa isiungue, kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta kinachoipa joto. Nikakuuliza kuhusu usiku, ukaniambia usiku hakizimi kabisa.

NEEMA: Swali hilo lilinishangaza, kwa kuwa sikuona saa inahusikaje na ubovu wa mashine.

KULWA: Inahusika sana. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, lakini saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, pasi na majiko, volti zinaweza kushuka, na kompresa inayopata volti chache huvuta ampea nyingi zaidi, yaani mkondo mkubwa zaidi wa umeme, na kupata moto. Kama kingekuwa kinazima saa hizo, ningeweka kipima volti kwenye waya wakati kompresa inawaka, na ningeona volti zikiporomoka chini ya 200 ningeacha kulaumu mashine na kufuata nyaya. Chako kilizima jua likiwa kali, yaani wakati ambao mashine ya nje inashindwa kutoa joto lake. Tukazunguka nyuma ya nyumba, upande wa ziwa.

NEEMA: Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu. Mashine ya nje imefungwa chini ya taa ya ulinzi, na yale mapezi membamba ya alumini mgongoni mwake yalikuwa yamezibwa na kitu cha kijivu kama blanketi kuukuu. Kaka Kulwa alipokwangua kwa kidole, vikadondoka vijibawa.

KULWA: Walikuwa wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa juu ya maji kama wingu la moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo. Usiku hufuata taa, feni ikawavuta kwenye mapezi wakafia humo, na vumbi likawagandisha. Upepo usipopita katikati ya mapezi, joto lililotolewa chumbani halina pa kwenda, mgandamizo wa gesi unapanda, na kompresa inaelemewa. Nyuma yake kulikuwa pia na jabali linalopigwa na jua tangu asubuhi, umbali wa kiganja tu. Mashine ikawa inavuta hewa ambayo tayari ni ya moto.

NEEMA: Tulishusha breka, tukaosha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, tukifuata mistari ya mapezi ili yasipinde. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi. Taa tumeihamishia getini, na fundi mwashi akatusaidia kusogeza mashine mbali na jabali. Tangu siku hiyo mama analala mchana kutwa bila kuamshwa na joto. Sasa, kuhusu gesi niliyolipia?

KULWA: Hili linaniuma, kwa sababu watu wanapoteza fedha zao. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake inavuja. Fundi anayeongeza bila kutafuta panapovuja hajatengeneza chochote. Dalili yake ni ubaridi kupungua siku hadi siku, na mara nyingi barafu kwenye bomba jembamba. Ila barafu ndani ya mashine ya ndani inaweza pia kuletwa na chujio chafu, kwa hiyo toa chujio ulioshe kwanza. Hiyo ni kazi ya dakika kumi.

NEEMA: Na kompresa ikinguruma kidogo kisha ikanyamaza bila kuwaka?

KULWA: Hapo nashuku kapasita, kile kifaa kidogo kinachohifadhi chaji na kuisaidia kompresa kuanza kuzunguka. Thamani yake imeandikwa ubavuni. Fundi aipime, na ikiwa imepungua kupita kiwango kilichoandikwa hapo, ibadilishwe kwa yenye thamani ileile. Msiiguse wenyewe hata umeme ukiwa umezimwa, kwa kuwa huhifadhi chaji inayoweza kumuumiza mtu vibaya. Na breka ikishuka, ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena, iache chini mpaka fundi afike, kwa sababu kila ukiipandisha unaupeleka umeme mahali ambapo huenda waya umeshaungua.